GPU inachemka kwenye kesi ndogo: soma dalili kwanza, kipoozeo kipya baadaye

Swali linalonifikia sana kwenye simu ni hili, "kaka nataka kipoozeo kipya cha GPU, kesi yangu ni ndogo, ninunue kipi?" na mi huwa sitaji jina la bidhaa, namrudishia swali lake: ukitoa mlango wa ubavuni joto linashuka digrii ngapi? Wengi hawajawahi kujaribu. Wameona tu namba 86 imekaa kwenye kona ya skrini, gemu linakwamakwama, feni zinalia kama drayeri ya saluni, basi wanaagiza hitisinki (lile bonge la mapezi ya chuma linalonyonya joto la chipu) kubwa toka nje, inakaa njiani mwezi mzima, ikifika ama haiingii kabisa ama inaingia na joto liko palepale.

Kabla sijaenda mbali: nitaandika "kipoozeo" japo mafundi wengi wanasema "kula", maana nikiandika kula kuna mtu atadhani naongelea ugali. Na nikisema kesi namaanisha lile boksi zima ambalo mtaani tunaliita CPU, na GPU ni ile chipu ya picha iliyo kwenye kadi ya picha, nikisema kadi ni hiyo.

Sasa kitu cha kushika kichwani ni kwamba kipoozeo hakiui joto, kinalihamisha tu. Kadi ya GTX 1060 inakula wati 120, zote zinageuka joto, uweke hitisinki ya alumini au ya shaba au hata ya dhahabu wati ni zilezile 120, tofauti ni zinatoka kwenye chipu haraka kiasi gani halafu zinaenda wapi. Kwenye kesi pana zinapotelea hewani. Kwenye kesi iliyobana zinakaa palepale, feni inavuta hewa ya moto iliyoitoa yenyewe sekunde mbili zilizopita. Ndo maana swali la mlango linakuja kwanza.

Kipimo cha mlango

Pakua HWiNFO au GPU-Z, programu za kusoma joto, zote bure. Cheza gemu lile linalokusumbua dakika 20 mlango umefungwa, usitumie FurMark kwa hili, ile inaikamua kadi kuliko gemu lolote na itakutisha bure. Andika joto la GPU, joto la hotispoti (siyo ile ya kugawa bando, ni sehemu ya chipu yenye moto zaidi), spidi ya feni, na spidi ya chipu. Kama una kipimajoto cha chumba andika na joto la chumba. Halafu toa mlango, acha ipoe, rudia dakika 20 zilezile, sehemu ileile ya gemu.

Joto la chumba watu wanalidharau ila lina kazi kubwa. Kadi haina joto lake lenyewe, inakaa digrii kadhaa juu ya hewa inayovuta. Kadi inayosoma 73 Nairobi usiku chumba kikiwa 21, ilete Dar mwezi wa pili chumba kiko 32 bila AC, itasoma 84 bila kuharibika kitu chochote. Kwa hiyo ukiona mtu wa Ulaya anaonyesha kadi kama yako iko 65, uliza kwanza chumba chake kilikuwa ngapi. (Watu wa Nairobi msishangilie sana, pale juu mita 1,800 hewa ni nyepesi kama asilimia 16 kuliko huku pwani, kwa hiyo feni ileile inabeba joto kidogo kuliko ingebeba huku, hamjapewa bure.)

Na ukiona kadi imeganda kwenye 83, hiyo siyo namba ya bahati mbaya. Kadi za NVIDIA za GTX 10 zimewekwa toka kiwandani zijilinde kwenye digrii 83, zikifika hapo zinaanza kushusha spidi ngazi kwa ngazi, kama megahezi 13 kila ngazi, ili zisizidi. Ukifungua GPU-Z kwenye ukurasa wa vipimo kuna mstari umeandikwa PerfCap, ukionyesha Thrm basi kadi inajizuia kwa sababu ya moto, ukionyesha Pwr inajizuia kwa sababu ya kikomo cha umeme na hapo kipoozeo kipya hakitakuongezea chochote cha maana. Nimeshaona mtu kanunua kipoozeo, joto limeshuka digrii 20, FPS (picha za gemu kwa sekunde) zimebaki zilezile, akaja kulalamika. PerfCap ilikuwa Pwr toka siku ya kwanza.

Joto linashuka digrii 8 au zaidi mlango ukiwa wazi

Hapa kadi yako haina kosa. Kesi ndo haipumui. Na hapa ndipo kipoozeo kikubwa cha kununua kinaweza hata kuharibu mambo, nitaeleza.

Kadi ziko za aina mbili kwa jinsi zinavyotoa hewa. Kuna za blowa, feni moja ya duara kama ya kompyuta mpakato, inavuta hewa na kuisukuma itokee kwenye breketi nyuma ya kesi. Zina kelele, zina moto, ila moto mwingi unatoka nje. Halafu kuna za feni mbili tatu za wazi, hizi zinapuliza hewa kwenye hitisinki na inamwagika pande zote ndani ya kesi. Vipoozeo karibu vyote vya kununua pembeni ni vya aina ya pili. Kwa hiyo mtu mwenye kadi ya blowa kwenye kesi finyu akiitoa akaweka kipoozeo cha feni tatu, chipu ya kadi inapoa kweli, lakini zile wati 120 au 150 sasa zinamwagwa ndani, prosesa inapanda, diski inapanda, pawa saplai inavuta hewa ya moto, na baada ya nusu saa hata kadi yenyewe inaanza kurudi kulekule.

Sababu ninazokutana nazo sana, bila mpangilio:

Kwenye yale maboksi ya ofisi yaliyotumika Ulaya ambayo yamejaa Kariakoo, kina Dell OptiPlex 9020 za mnara na wenzake wa HP, mbele kuna feni moja ama hakuna, nyuma feni moja, na yule jamaa aliyeibuni alikuwa anafikiria Excel siyo GTA. Sloti za nyuma chini ya kadi zimezibwa na vibati. Toa vile vibati vya sloti tupu, dakika mbili na bisibisi, hewa inapata pa kutokea. Nimeona digrii 3 mpaka 5 kwa hilo tu. Ila nyumba yenye mijusi weka wavu, siku moja nilifungua pawa saplai nikakuta mjusi kakauka kama dagaa.

Kwenye vikesi vidogo kabisa vya mini ITX tatizo huwa ni kati ya feni ya kadi na ukuta. Kama mlango mbele ya kadi una matundu una bahati, ila angalia umbali. Feni ikiwa milimita 2 au 3 toka kwenye matundu inavuta hewa safi ya nje (inaweza kupiga mluzi kidogo, isogeze au punguza spidi). Ikiwa milimita 20, ile nafasi katikati inageuka njia ya hewa ya moto kurudi kwenye feni. Dawa yake ni ya shilingi elfu mbili, chukua sponji, hata kipande cha godoro, kata fremu inayozunguka feni ijaze ile nafasi kati ya kadi na mlango, ili feni ilazimike kuvuta kwenye matundu na siyo pembeni. Nimewahi kuona kadi inashuka kutoka 84 hadi 77 kwa godoro. Kama mlango ni wa kioo au bati zima na feni iko sentimita moja toka hapo, hakuna kipoozeo duniani kitakuokoa, toboa mlango au badilisha kesi.

Halafu dawa ambayo watu hawaipendi kwa sababu haiji na boksi la kufungua: punguza umeme. Fungua programu ya MSI Afterburner, ile slaida ya power limit (kikomo cha umeme) ivute mpaka 75 au 80, bonyeza alama ya sawa, basi. RTX 3060 ya wati 170 ukiiweka asilimia 80 inakuwa ya 136 na kwenye magemu mengi utapoteza FPS chache ambazo macho hayazioni, maana zile wati za mwisho ndo zinaleta spidi ndogo kwa moto mwingi. Ukiwa na subira fanya na kupunguza volti kwa mchoro wa Ctrl+F, matokeo ni mazuri zaidi ila unatakiwa ujaribu siku kadhaa uone kama gemu halijifungi lenyewe. Wati 34 ulizozipunguza hazihitaji feni, hazihitaji nafasi. Kwa kesi iliyobana mi naanzia hapa kila mara.

Mlango wazi, joto linashuka 2 au 3 tu

Hapa sasa lawama ni za kadi yenyewe, kipoozeo chake hakishiki chipu vizuri au kimeziba. Kwanza toa vumbi, na ukipuliza kwa mashine ya upepo shika feni na kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibu beringi.

Kisha angalia ile hotispoti. Tofauti kati ya joto la GPU na hotispoti ikiwa 10 mpaka 15 ni kawaida. Ikifika 25, 30, pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki) imekauka au imesukumwa pembeni, au hitisinki imekaa upande. Hii inatokea sana kwa kadi zilizotoka kwenye machimbo ya kripto, zimechemka na kupoa miaka miwili mfululizo pesti imekuwa kama chokaa. Fungua skrubu nne za katikati, safisha na spiriti, paka pesti mpya ukitandaza chipu yote, maana chipu ya GPU iko uchi haina kifuniko kama prosesa, kona ikikosa pesti kona hiyo inaungua peke yake. Funga skrubu kwa msalaba, kidogokidogo kila moja, siyo moja mpaka mwisho halafu nyingine.

Pedi, vile vipande laini vinavyopitisha joto toka memori kwenda kwenye hitisinki, ndo zinawaua watu hapa. Ukizichana ukaweka za kubahatisha, tuseme zilikuwa za milimita 1 ukaweka za 1.5 kwa sababu ndo zilikuwepo dukani, zinainua hitisinki nzima na chipu haiguswi vizuri. Kadi inawaka, ndani ya sekunde 10 iko 95. Ukiona joto linaruka hivyo mara tu gemu linapoanza zima, hiyo siyo ya kusubiri izoee.

Kama baada ya pesti na vumbi joto limeshuka digrii 10, funga jalada. Hukuhitaji kipoozeo.

Joto ni la kawaida, kelele ndo haivumiliki, au feni moja imekufa

Feni ndogo za kadi zikivaa beringi zinaguna asubuhi, unaipiga kibao inanyamaza, mwisho inasimama. Unaweza kununua feni mbadala kwa kusoma namba iliyo kwenye stika ya katikati na kupima umbali wa matundu matatu ya skrubu, ni bei ndogo.

Lakini kuna njia nyingine na kwa maoni yangu hii ndo kipoozeo bora cha kesi ndogo, hata kuliko vile vya kununua: toa kava la plastiki na feni zake, acha hitisinki ya kiwandani na bati lake lote, halafu funga juu yake feni za kawaida za kesi kwa kebo tai. Hitisinki ya kiwandani tayari inagusa chipu, memori na VRM (vile visaketi vinavyogawa umeme wa chipu), kila kitu kina pedi yake ya saizi sahihi, wewe unabadilisha upepo tu. Feni ya milimita 120 inayozunguka taratibu inasukuma hewa nyingi kuliko feni ya 80 inayopiga kelele.

Kwenye kesi ndogo chagua feni nyembamba. Feni za kawaida zina unene wa milimita 25. Noctua wana NF-A12x15 ya milimita 15 na NF-A9x14 ya milimita 14 kwa kadi fupi, Arctic wana P12 Slim ya 15 kwa bei ya chini. Kebo tai zipitishe kwenye matundu ya feni na kuzunguka hitisinki, zisiguse vitu vya nyuma ya bodi, na mikia kata kabisa, mkia wa kebo tai ukiingia kwenye feni utadhani helikopta imetua.

Plagi: ile ya kwenye kadi ni ndogo kuliko ya feni ya kesi, kuna waya wa kubadilishia, agiza pamoja na feni usije ukakaa unasubiri. Feni mbili nyembamba kwenye plagi ya kadi sijawahi kuona shida, kabla hujafika tatu kubwa jumlisha ampea zilizoandikwa kwenye stika za feni na ulinganishe na zile za feni za zamani. Ukichomeka kwenye madabodi badala ya kadi, feni zitafuata joto la prosesa na siyo la GPU, gemu linaunguza kadi feni zimelala. Programu ya FanControl inaweza kuziamuru zifuate GPU, ila kwenye Dell za ofisi plagi za feni siyo zile za kawaida na madabodi haisikilizi programu, kwa hiyo huko tumia plagi ya kadi tu.

Bado unataka kununua? Haya, pima

Nitasema kosa langu mwenyewe. Nilinunua Raijintek Morpheus II iliyotumika, nikasoma vipimo milimita 254 kwa 98 kwa 44, nikapima kesi nikaona 50 zipo, nikashangilia. Kumbe ile 44 ni hitisinki peke yake, feni huwa haiji nazo, unaweka zako mbili za 120. Juu ya 44 weka 25 unapata 69. Niliishi na kompyuta bila mlango miezi miwili nikijidanganya kuwa ni muda tu.

Kwa hiyo hesabu iko hivi. Sloti moja ni milimita 20.32. Kutoka uso wa bodi ya kadi, kadi ya sloti mbili ina kama milimita 35 za kuchezea, ya sloti tatu kama 55. Morpheus na feni za 25 ni 69, hiyo ni sloti nne. Hata na feni nyembamba za 15 ni 59, bado imepita tatu. Na baada ya hapo feni inataka nafasi ya kuvuta hewa, mi sishuki chini ya milimita 15 kama mbele yake kuna bati zima. Ukirudi kwenye ile njia ya kebo tai, hitisinki ya 25 na feni ya 15 ni 40, umezidi sloti mbili kwa milimita 5 tu, ndo maana naipenda.

Chukua rula pima vitu hivi ukiwa na kadi mkononi na siyo kwa kumbukumbu. Urefu toka breketi mpaka kitu cha kwanza mbele, ambacho kwenye maboksi ya ofisi huwa ni kreti la diski na siyo ukuta wa kesi. Accelero Xtreme III ya Arctic kwa mfano ina karibu sentimita 29, kwenye mnara mdogo wa ofisi hiyo inaingia hadi kwenye kreti. Kimo, yaani toka sloti kuja kwenye mlango, ukumbuke mirija ya shaba huwa inachungulia nje ya bodi na plagi ya umeme inataka sentimita 3 au 4 za kupinda waya, usiukunje kama tambi. Unene nimeshasema.

Halafu matundu. Yale manne kuzunguka chipu, pima katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu, na ulinganishe na karatasi ya kipoozeo. Kadi za kampuni ileile za miaka tofauti zina nafasi tofauti, na vipoozeo vingi vilivyobaki sokoni vilibuniwa kwa kadi za zamani. Muuzaji akisema "inaingia zote hii boss" mwambie akuonyeshe orodha. Mwisho tazama vitu virefu kwenye bodi, koili na kapasita karibu na chipu, kama vinazidi urefu wa mguu wa kipoozeo vitainua upande mmoja na utarudi kwenye tatizo la hotispoti.

Uzito pia. Morpheus ni zaidi ya nusu kilo kabla ya feni. Ikining'inia kwenye sloti nyumbani inavumilika ukiweka kijiti cha kushikilia, ila kama wewe ni wa kusafirisha mashine kwa basi Dar mpaka Mwanza, toa kadi, ifunge kwenye boksi lake, matuta ya njiani yatang'oa sloti.

Maboksi yale membamba ya SFF sina mengi ya kusema. Kadi zinazoingia mle ni za nusu kimo, breketi yake ni milimita 79, kina GTX 1650 fupi zinazokula wati 75 za sloti bila waya wa ziada, na hakuna kipoozeo cha kununua kitakachoingia. Vumbi, pesti, power limit, simamisha boksi wima kama lilikuwa limelala kwenye zulia, basi.

Maji nayo: kuna breketi kama Kraken G12 ya NZXT inayokuwezesha kufunga pampu ya maji ya prosesa kwenye GPU na feni ya milimita 92 kwa ajili ya VRM. Uzuri wake kwa kesi ndogo ni kwamba unachukua joto unalipeleka mahali pengine, kwenye radieta, na radieta ukiiweka inapuliza nje umetatua tatizo lenyewe kabisa. Ubaya ni lazima uwe na mahali pa kuweka hiyo radieta na mabomba yanapinda kwa shida, na siyo kila pampu inakaa, soma orodha ya zinazokubali. Kama kesi ina nafasi ya radieta ya 120 au 240 ambayo prosesa haiitumii, hili ni wazo zuri kuliko hitisinki yoyote ya hewa.

Umeshafunga kipya, halafu mambo mapya yanaanza

Chipu iko 60 safi kabisa lakini gemu linaganda baada ya dakika 15 au skrini inatoa vipele vya rangi. Angalia memori na VRM. Vipoozeo vingi vya kununua vinapoza chipu ya katikati tu, vingine unapewa vihitisinki vidogo vya kubandika kwa gundi. Vile visipobandika vizuri vinadondoka kadi ikipata moto, kikidondokea nyuma ya kadi ya chini au kwenye pawa saplai ni kishindo na moshi. Kama kadi yako ilikuwa na bati la mbele linalofunika memori na VRM, acha bati hilo, tafuta kipoozeo kinachokaa juu yake. Kwa kadi zenye memori ya GDDR6X kama RTX 3080 na 3090, HWiNFO inaonyesha joto la memori, hiyo inajizuia ikifika 110, na huko usijaribu vihitisinki vya gundi kabisa.

Hakuna picha. Kabla hujalia, angalia umerudisha ule waya wa umeme wa pini 6 au 8, angalia kadi imebofya mpaka mwisho kwenye sloti maana kipoozeo kizito kinaivuta nyuma, na angalia skrubu za nyuma hazigusi kitu cha bodi, zile washa za plastiki kwenye pakiti siyo mapambo. Kama picha inakuja ila mashine inazima ghafla ukianza gemu, jumlisha umeme: OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, hapo GTX 1660 Super ya wati 125 na prosesa vinabanana, na pawa saplai iliyokaa miaka kumi kwenye vumbi siyo 290 tena.

Feni zinazunguka asilimia 100 muda wote, au hazizunguki kabisa: ule waya wa kubadilishia plagi umegeuzwa au ni wa kadi nyingine, pini zinafanana ila mpangilio siyo mmoja. Feni zikizunguka mwanzo tu halafu zikasimama ukiwa kwenye desktopu, hiyo siyo ubovu, kadi nyingi za sasa zinazima feni zikiwa baridi, zianzishe kwa gemu uone.

Joto zuri wiki ya kwanza, wiki ya tatu limepanda digrii 6. Pedi na pesti zimetulia, skrubu zimelegea kidogo, kaza nusu mzunguko kwa msalaba ukiwa umeitoa kadi na umeilaza mezani, usikaze ikiwa inaning'inia kwenye sloti. Na kile kipoozeo cha zamani na skrubu zake ziweke kwenye mfuko umeandikwa jina la kadi, kwa sababu siku ya kuuza hakuna mnunuzi atakayekupa bei ya maana kwa kadi yenye feni za kebo tai hata ukimwonyesha vipimo vya HWiNFO.